Kupanda nivo haraka au pole pole: vijana wa Miti wasilipie ngazi wasizozipanda

Mabishano haya ni ya zamani kati ya wachezaji wa michezo ya mtandaoni, na leo yamefika hadi kwenye simu za vijana wa Miti, katika teritwari ya Kabare. Mtu akishaunda mhusika wake katika mchezo, ampandishe nivo haraka kadiri anavyoweza, au aende naye pole pole? Wazazi wengi wakisikia swali hilo hucheka na kusema ni mambo ya kitoto. Lakini nyuma yake kuna mega zinazolipwa, kuna saa za umeme zinazotafutwa kwa shida, kuna neno la siri linalokabidhiwa mtu asiyejulikana, na kuna makampuni makubwa yanayojua vizuri sana bei ya kukosa subira.

Jibu linalomfaa kijana wa Miti si «haraka» peke yake wala «pole pole» peke yake. Aende kwa kasi yoyote anayoweza kuibeba kwa ujuzi wake, lakini asinunue ngazi. Ngazi iliyonunuliwa hupandisha konti, na mchezaji mwenyewe anabaki chini.

Nivo ilitoka wapi

Jambo la kupanda ngazi halikuanzia kwenye simu. Mwaka wa 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi, kalamu na dadu. Mchezaji alianza na mhusika dhaifu. Kila alipomshinda adui au kumaliza safari, alipata pointi, na pointi zikitimia alipanda ngazi moja. Pointi hizo ziliitwa pointi za uzoefu, na jina hilo linaeleza mengi. Hesabu ilipaswa kumfuata mtu: mchezaji ameona mambo, amekosea, amejifunza, ndipo karatasi yake inaandikwa ngazi mpya.

Mwaka wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza mchezo uitwao MUD, ambao watu wengi waliingia pamoja kupitia kompyuta. Haukuwa na picha, ulikuwa maandishi matupu. Baadaye zikaja Ultima Online mwaka wa 1997, EverQuest mwaka wa 1999, RuneScape mwaka wa 2001 na World of Warcraft mwaka wa 2004. Toleo la zamani la RuneScape, Old School RuneScape, liliingia kwenye simu mwaka wa 2018. Hata michezo ya kupigana kwa risasi kama Free Fire, iliyotoka mwaka wa 2017, imeazima desturi hiyo: mchezaji ana nivo, ana cheo, na ana vitu vya kuonyesha wenzake.

Kwa hiyo kijana anayebishana na mwenzake mbele ya kabini ya uniti pale njia panda ya Miti, ambapo barabara ya Tshivanga inaachana na ile ya Kavumu, anaendeleza swali lenye umri wa miaka kama 50. Tofauti ni kwamba yeye analipia kila dakika ya swali hilo.

Wanaotaka haraka wana hoja

Ni rahisi kuwahukumu wanaokimbia. Watu wazima watawaambia kwamba haraka haraka haina baraka, na mazungumzo yataishia hapo. Lakini Waswahili hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika jambo hili methali ya pili ina uzito wake.

Hesabu za RuneScape zinaonyesha kwa nini. Ili kufikisha kazi moja, kama uvuvi au ukataji miti, kwenye ngazi ya 99, mchezaji anahitaji pointi 13 034 431. Jambo linaloshangaza wageni ni kwamba nusu ya pointi hizo hupatikana kwenye ngazi ya 92. Mtu akifika 92 hudhani amebakiza hatua chache tu, kumbe yuko katikati ya njia. Tuseme mchezaji anapata pointi 50 000 kwa saa moja. Atahitaji saa zaidi ya 260. Akicheza saa 3 kila siku, hiyo ni karibu siku 87, yaani miezi karibu mitatu, na hapo ni kazi moja tu kati ya kazi zaidi ya 20 zilizomo ndani ya mchezo.

Kijana wa Ulaya anazicheza saa hizo akiwa nyumbani, intaneti imelipwa kwa mwezi mzima na umeme uko ukutani. Kijana wa Miti anazicheza kwa forfe inayoisha, kwa mtandao unaokatika mvua ikinyesha, na kwa betri anayoilipia ili ijazwe mahali penye paneli ya jua. Kwake, kila saa ina bei. Akitafuta njia ya mkato, mara nyingi amepiga hesabu tu, na hastahili kuitwa mvivu kwa sababu hiyo.

Kuna pia sababu ya wenzake. Katika michezo mingi, mhusika wa ngazi ya 10 hawezi kuingia vitani pamoja na mhusika wa ngazi ya 60. Kijana mwenye kaka yake Kampala, binamu yake Nairobi au rafiki yake aliyehamia Ubelgiji anataka kucheza nao leo. Wao wameshatangulia. Kumwambia aende pole pole ni kumwambia acheze peke yake miezi kadhaa akiwafuata watu ambao nao hawasimami. Anayepinga haraka bila kuzijibu sababu hizi mbili, bei na upweke, atakuwa anahubiri tu.

Pole pole inafundisha nini

Hata hivyo, ngazi zina kazi yake, na kazi hiyo haionekani mpaka mtu aziruke.

Katika World of Warcraft, watu 5 huingia pamoja ndani ya pango lenye maadui wakubwa. Mmoja anawakinga wenzake kwa kuvuta maadui wamshambulie yeye. Mmoja anawaponya waliojeruhiwa. Watatu wanapiga. Kila mmoja amepewa uwezo wake kidogo kidogo: leo pigo moja, baada ya ngazi chache pigo lingine, kisha dawa, kisha njia ya kukimbia. Anapofika juu, vidole vyake vinajua kila kitu kiko wapi na kinatumika saa ngapi. Aliyeruka ngazi anakuta vitufe vingi mbele yake siku moja. Anajua jina la mhusika wake na rangi ya upanga wake, basi. Akichelewa kumponya mwenzake, wote 5 wanakufa. Wanarudia mara ya pili, ya tatu, kisha wanamwondoa. Nivo yake ilimfungulia mlango, na kazi iliyokuwa ndani ikamshinda.

Wakulima wa Kabare hawahitaji maelezo marefu juu ya hili. Mche wa kahawa hukaa miaka kama mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kwanza ya maana, na hakuna mtu anayeuvuta kwa mkono ili urefuke. Kasiksi nayo ina siku zake za kuchachuka. Anayeifungua mapema anakunywa maji ya ndizi, hata akiimimina katika chupa nzuri.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Si kila pole pole ni shule. Kumuua adui mmoja mara 10 kunaweza kumfundisha mtu jinsi adui huyo anavyosogea na lini anapiga. Kumuua mara 1 000 hakumfundishi jambo jipya. Michezo mingi imejaa kazi za namna hiyo, na haikuwa hivyo kwa bahati mbaya. Kuna pole pole ya kujifunza na kuna pole pole ya kuchoshwa, na mchezaji mwenye akili anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza inamjenga. Ya pili mara nyingi imewekwa pale ili achoke, na akichoka, anyooshe mkono mfukoni.

Wanaouza haraka ndio waliotengeneza uchelewaji

Hapa ndipo mabishano ya vijana yanapokosa mtu muhimu. Wanabishana wao kwa wao, mwenye haraka na mwenye subira, huku anayefaidika yuko mbali.

Mwaka wa 2014, kampuni ya Blizzard ilianza kuuza ngazi waziwazi. Mchezaji wa World of Warcraft aliweza kulipa dola 60 na mhusika wake akafika ngazi ya 90 mara moja, bila safari. Kampuni ile ile iliyochora njia ndefu ndiyo iliyouza daraja la kuivuka. Dola 60 ni pesa ambazo familia nyingi za Miti hukaa muda mrefu bila kuzishika kwa pamoja.

Kwenye simu mtindo ukabadilika. Mlango ni wa bure, malipo yako ndani. Diablo Immortal, iliyotoka Juni 2022, inapakuliwa bila franka hata moja, lakini anayetaka nguvu za juu kwa haraka anaalikwa kulipa, tena na tena, kwa kujaribu bahati ya kupata mawe ya thamani. Mchezo huo haukutolewa Ubelgiji wala Uholanzi, kwa sababu ya sheria za nchi hizo juu ya malipo ya kubahatisha. Tayari Aprili 2018, tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya bahati nasibu ilikuwa imesema kwamba masanduku yanayonunuliwa ndani ya baadhi ya michezo bila mnunuzi kujua kilichomo ni kamari. Mtoto wa Brussels amewekewa uzio. Mtoto wa Miti anayefungua duka la programu kwenye simu yake hana uzio huo.

Tena malipo haya hayaji na dola 60 kwa siku moja. Yanakuja na dola 1 leo, nusu dola kesho, kifurushi cha sikukuu keshokutwa. Wahenga waliyaona mapema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na ngazi iliyonunuliwa haina hata uhakika wa kudumu. Mwaka wa 2020, World of Warcraft ilipunguza hesabu zake zote: waliokuwa kwenye ngazi ya 120, iliyokuwa ya juu kabisa, waliamka wakiwa kwenye ngazi ya 50, kisha kikomo kipya kikawekwa kwenye 60. Aliyecheza miaka yote hakupoteza ujuzi wake, kwa sababu ujuzi ulikuwa kwake. Aliyekuwa na namba peke yake alijifunza siku hiyo kwamba namba ni mali ya kampuni.

Mtu wa tatu na neno la siri

Asiyeweza kulipa kampuni hutafuta mtu. Huko mitandaoni wapo wengi wanaosema: nipe konti yako, nitakupandisha mpaka juu kwa siku tatu, au: nunua hii iliyokwisha kupanda. Biashara hiyo ni kubwa duniani. Katika miaka ya 2000 nchini China kulikuwa na vyumba vizima vya vijana waliolipwa kucheza ili wauze dhahabu ya mchezo na wahusika waliopandishwa. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, kuna Wavenezuela walioishi kwa kuuza dhahabu ya RuneScape. Watu hao hawastahili dharau. Walifanya kazi ngumu kwa malipo madogo, na kijana wa Kivu anawaelewa kuliko mtu mwingine.

Lakini anayenunua huduma hiyo ajue anajiweka wapi. Korea Kusini iliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kutunga sheria. Tangu mwaka wa 2019, mtu anayefanya biashara ya kuwapandishia wengine nafasi zao katika michezo anaweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi won milioni 20. Makampuni kama Blizzard na Jagex, wenye RuneScape, yanakataza kuuza na kukopesha konti, na konti inayokamatwa inaweza kufungwa. Kwa hiyo kijana aliyetapeliwa hana pa kuanzia malalamiko yake. Akiiandikia kampuni, anajishtaki mwenyewe. Akimtafuta aliyemlipa, namba haipatikani tena.

Kwa Miti hatari hiyo inazidi mchezo. Konti ya mchezo mara nyingi imefungwa pamoja na barua pepe, na Facebook, na namba ya simu. Anayempa mgeni neno la siri la barua pepe, kisha akamsomea kode iliyoingia kwa ujumbe mfupi, amemfungulia vyumba vingi kwa ufunguo mmoja. Na namba hiyo hiyo ya simu ndiyo pochi ya nyumba. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Kavumu na kisha Bukavu na benki kufunga milango yake, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimebeba mzigo mkubwa kuliko zamani. Pesa ya mama muuza maharagi, pesa iliyotumwa na mjomba aliye Uvira au Kampala, pesa ya dawa, zote zinapita kwenye simu ambayo jioni inachezewa mchezo. Kijana anayetoa kode ili apate ngazi 30 anacheza na sahani ya nyumbani.

Kasi isiyonunuliwa ipo

Je, basi kila mtu atambae? Hapana. Upo mfano mzuri wa kasi halali. Agosti 2019, Blizzard ilifungua tena World of Warcraft jinsi ilivyokuwa zamani, ikiwa na safari yake ndefu na ngazi 60. Wachezaji walisubiri kwenye foleni ndefu ili waingie, jambo linaloonyesha kwamba wengi walikuwa wameitamani safari ile ile waliyokuwa wakiuziwa njia ya kuikwepa. Na bado, mchezaji wa kwanza alifika ngazi ya 60 chini ya siku 4. Alianza ngazi ya 1 kama wengine wote. Aliijua njia, na alijua adui gani anafaa kupigwa wapi na kwa nini. Kasi yake ilitoka kwenye miaka ya kujua.

Wapo pia wanaochagua upande wa pili kabisa. Mwaka wa 2014, Old School RuneScape iliweka namna ya kucheza iitwayo Ironman, ambamo mchezaji hawezi kununua wala kupokea kitu kutoka kwa wengine. Chakula chake anakivua mwenyewe, silaha yake anaifua mwenyewe. Anachelewa kuliko wote, lakini anayemwona amefika anajua mara moja kwamba hakubebwa na mtu.

Kwa mchezaji wa Miti, mambo manne yanatosha. La kwanza, achague mchezo mmoja na aujue vizuri, badala ya kuanza mitano na kuhitaji njia ya mkato katika yote. La pili, atumie saa zisizo na mega kujifunza: kuwauliza waliotangulia na kuandika njia kwenye daftari, ili saa yenye mega itumike vizuri. Dakika 20 za mtu anayejua anachotafuta huzidi saa 3 za anayezurura. La tatu, amwombe mwenzake wa ngazi ya juu ashuke kumsindikiza. Michezo mingi inaruhusu kuanzisha mhusika mpya, na rafiki wa kweli anaweza kuanza wa pili ili waende pamoja. Hiyo ndiyo dawa ya upweke, na haina bei. La nne, kode na neno la siri havitoki nyumbani, hata mwombaji akiwa mwenye maneno matamu namna gani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kumnyang'anya mtoto simu na kuita michezo yote upotevu hakutamfundisha kitu, atacheza kwa jirani. Afadhali wamuulize maswali mawili: umelipa nini wiki hii, na nani mwingine anaingia kwenye konti yako? Ikiwezekana, namba ya pesa za nyumba isikae kwenye simu ya kuchezea. Na baba akiweza kukaa dakika 10 kando ya kijana wake na kumwambia «nionyeshe unavyocheza», ataona mara moja kama kijana anajua anachofanya au ananunua tu.

Kwa maana kipimo cha mwisho ni kimoja, na kinafaa kwa mwenye haraka na kwa mwenye subira. Mchezaji ajiulize: konti hii ikifutwa kesho asubuhi, nitabaki na nini? Aliyepanda kwa miguu yake atafungua mpya, na safari ya pili itakuwa fupi kuliko ya kwanza, kwa sababu njia anaijua. Aliyelipia atarudi kwenye kabini kutafuta pesa za kulipia tena.